Makubadhi Mlangoni

Mwezi uliopita binti wa ndugu yangu, aliye kidato cha tatu, aliniletea daftari lake la fasihi nilitazame. Mwalimu alikuwa amewapa beti chache za Al-Inkishafi, akawataka wataje taswira mbili na aina zake. Binti alijibu kama alivyofundishwa: taswira oni, popo wanaoning'inia, taswira sikivu, mlio wa bundi. Tiki mbili za wino mwekundu, alama zote. Nikamuuliza, "Na kidaka ni nini, mwanangu?" Maana katika beti zile zile vidaka vimetajwa, na ndivyo vilivyobeba uchungu wote. Akafikiri kidogo. "Ni neno la kale, ami."

Nilimrudishia daftari na kumsifu, kwa kuwa alistahili sifa. Lakini usiku ule usingizi ulichelewa kunijia. Mtoto huyu amezaliwa Mombasa, asili yake ni Lamu kwa baba na kwa mama, naye amelijua jina la taswira kabla hajaonana na taswira yenyewe. Amefunzwa kuzihesabu kama karani wa ghala anavyohesabu magunia, asiulize ndani mna nini. Nami nikawa namkumbuka bibi.

Alikuwa shangazi ya baba yangu, ila sote tulimwita bibi. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Langoni, Lamu, na wakati wowote wa mchana ungemkuta uani, mgongo ukutani, miguu ameinyosha, anasuka ukili. Hakuwa na kalamu. Kurani alikuwa akiisoma vizuri, lakini mashairi yake hakuyaandika popote. Aliyatunga huku vidole vikipitisha ukindu juu na chini, na ukili ulipofika urefu wa kutosha kushonwa mkeka, ubeti nao ulikuwa umekwisha kukaa. Wanawake wa mtaa walimfuata wakiwa na arusi, wakiwa na mtoto aliyerudi salama kutoka safari, wakiwa na ugomvi wanaotaka usemwe bila kusemwa. Aliwatungia wote. Malipo yake yalikuwa sukari, ukindu wa rangi, na dua.

Mumewe alipokufa mimi nilikuwa na umri wa miaka kama kumi. Alikuwa baharia wa majahazi ya boriti, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa na jozi moja tu ya makubadhi ambayo aliivaa tangu nilipopata akili. Baada ya maziko nguo zake zilitolewa kama ilivyo ada: kanzu, vikoi, kofia mbili za viua. Bibi alizitoa mwenyewe, kwa mkono wake, wala hakusita. Makubadhi tu ndiyo yaliyobaki pale pale mlangoni, yametazama ndani, kama alivyoyavua alasiri ya mwisho.

Bibi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani, na kwa kuwa mimi nilikuwa mtoto mdogo wa nyumbani, niliruhusiwa kuingia na kutoka, nikawa mtumwa wake wa kuleta ukindu na maji ya kuulowekea. Siku hizo ndizo nilizoona, bila kujua ninachokiona, jinsi shairi linavyofanywa. Alikuwa akisema kipande kwa sauti ya chini, ananyamaza, anasuka, anakisema tena kimepungua neno moja. Mara moja nilimsikia akijaribu mshororo wenye machozi na mto wa kulalia. Ulikuwa mtamu sikioni mwangu. Akautema kama mtu aliyetafuna pilipili mbichi. Nikamuuliza mbona ameuacha. Hakuniangalia, macho yalikuwa kwenye ukili. "Machozi ni yangu, mwanangu. Atakayesikia ana yake. Mimi nimtafutie pa kuyamwagia tu."

Ubeti uliotoka, baada ya siku nilizokwisha kuzisahau idadi, ni huu:

Makubadhi mlangoni, yangojea mwendo wako,
Na ngozini mwake ndani, mna dole gumba lako,
Nafagia ukumbini, sigusi mahala pako,
Wanambia yatoeni, nitoe mguu wako?

Nimeishi na maneno haya maisha yangu yote, na bado yananishika pale pale. Utafute humo neno la huzuni, hulioni. Hakuna simanzi, hakuna kilio, hakuna moyo uliopasuka. Pana ngozi, ufagio, na watu wa nyumbani wanaotoa ushauri mzuri. Aliyevaa makubadhi ya ngozi kwa miaka anajua kwamba dole gumba huchimba shimo lake, na lile shimo huwa jeusi na kulainika kwa jasho, hata ukimpa mtu mwingine kiatu kile mguu wake hauketi sawasawa, maana mahali pamekwisha kuchukuliwa. Bibi alilijua hilo kwa kuyafuta vumbi makubadhi yale kila jioni kwa miaka mingi.

Na tazama alivyosema. Hakusema mna alama ya dole lako, wala chapa ya dole lako. Baadaye sana, nilipokuwa kijana na nimeanza kuvutiwa na mambo haya, aliniambia kuwa alianza na neno "chapa", na mizani ikalikataa; idadi ya silabi ilizidi, mshororo ukawa unachechemea. Akalitoa akiwa na nia ya kulitafutia badala. Aliposikia mshororo umebaki bila lile neno, akakaa kimya. Dole lenyewe limo. Si alama yake. Mtu kazikwa, na dole lake liko mlangoni pangu. Mizani, ambayo watu wengi leo wanaiona kuwa pingu, ilimfikisha mahali ambapo pengine asingethubutu kwenda mwenyewe.

Kwa kuwa dole limo, ndipo mshororo wa mwisho unapoweza kuuliza unachouliza. Jirani anasema yatoeni hayo makubadhi, na yeye anajibu kwa swali ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa wazimu: nitoe mguu wako? Swali hili halingesimama bila mshororo wa pili kulitilia msingi. Na mshororo wa tatu, ule wa kufagia, unaonekana mdogo, kama wa kujazia nafasi. Lakini ndizo siku zenyewe zinazopita. Anafagia leo, anafagia kesho, na kila anapofika mahali fulani ufagio unazunguka. Ukitaka kujua eda ni nini, iko katika mzunguko ule wa ufagio.

Lugha yetu imeweka siri hii katika neno moja. Tunatunga shairi, na tunatunga shanga. Mwanamke hutunga mimba, na jipu hutunga usaha. Kote humo kuna kitu kinachokusanyika taratibu mahali pa ndani kikisubiri kutoka. Na wa kale walilijua hilo. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 akataka kumwachia binti yake wosia, alimwita mtoto aje na wino na karatasi, kisha akamwambia anamtungia kidani. Lulu na marijani, na kifungo chake shingoni. Wengi wanaousoma utendi ule leo hukimbilia mafundisho yake, wengine kuyasifu, wengine kuyalaumu. Mimi hukaa kwenye kile kidani. Mama anakufa, na huenda asiwepo siku ya kumvalisha binti vito vya arusi. Basi anamvalisha sasa, kwa maneno. Mapenzi ya mama na hofu yake na kifo kinachomkaribia vyote vimeingia katika pambo la shingoni, na pambo la shingoni ni kitu ambacho msichana yeyote wa Siyu au Pate alikijua uzito wake.

Nirudi kwenye vidaka, maana ndivyo vilivyoninyima usingizi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Pate. Kutoka Lamu unangoja maji yajae, kwa kuwa mkondo wa Mkanda haupitiki maji yakitoka. Boti ikaingia kati ya mikoko ya pande mbili, tukatokea baharini tena, na baadaye tukashuka Mtangawanda. Mji wa Pate upo na watu wake wapo, lakini ule Pate uliotawala na kutajirika umebaki magofu pembeni, na ndani ya magofu wenyeji wamelima tumbaku. Majani mapana ya tumbaku yamesimama safu safu ndani ya vyumba ambavyo havina dari. Nilipita kati ya safu, nikaingia palipokuwa ndani ya nyumba ya mtu mkubwa, nikauona ukuta umesimama peke yake, wa matumbawe na chokaa, nao una vidaka.

Kwa asiyevijua: ni vijishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, safu juu ya safu, kila kimoja na upinde wake mdogo uliochongwa kwenye chokaa kwa subira ambayo siku hizi hainunuliki. Humo waliweka sahani na bakuli za Kichina zilizovuka bahari, na taa ikiwashwa jioni kila chombo kilitoa mwanga wake. Kazi ya kidaka ilikuwa kuonyesha kitu. Hakifai kuweka nguo, hakifai kuweka chakula. Ni uso wa nyumba. Kikiwa kitupu, hakina maana yoyote ila kwamba kilichokuwamo kimeondoka.

Nikaingiza mkono katika kimoja, kwenye usawa wa kifua changu. Chokaa ilikuwa bado laini, laini kama kauri. Nyuma kabisa vidole vikagusa vijiti vikavu na unyoya. Ndege alikuwa amejenga humo.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, mwana wa Pate wa karne ya 18 na mwanzo wa 19, aliuona mji huu ukianguka. Vita na Lamu, vita vya kugombea kiti, biashara iliyohama. Alikuwa mcha Mungu na alikuwa na somo la kutoa: dunia hupita, moyo usidanganyike. Maneno hayo yamesemwa misikitini mara elfu na watu wameyasikia, wakainuka, wakaenda sokoni. Yeye akawaambia juu ya nyumba. Kwanza akawawashia taa zote, akawajazia wageni, akawapangia vyombo, mpaka msikilizaji anaona raha ya kuwamo. Halafu akawarudisha katika nyumba ile ile, chumba kwa chumba, na sasa juu wananing'inia wana wa popo, kumbini wanalia wadudu, na katika vidaka vya sahani wamelala wana wa ndege.

Kwa nini kidaka kinaumiza kuliko popo? Popo hukaa katika jengo lolote lililoachwa, lako au la adui yako. Lakini ndege ndani ya kidaka ameketi mahali pa sahani. Amepangwa kama pambo. Ukuta unaendelea na kazi yake ya kuonyesha, ila kinachoonyeshwa kimebadilika, na mshairi hakuhitaji kuongeza kwamba wenye nyumba wamekufa. Mimi nilisoma beti zile mara nyingi kabla ya siku ile, nikazipenda, nikazifundisha hata. Niliposimama kati ya tumbaku na unyoya ule vidoleni ndipo nilipotambua kwamba Sayyid Abdalla hakubuni chochote. Alitazama. Naye alizungumza na moyo wake mwenyewe, si na sisi, na pengine hiyo ndiyo sababu tumemsikia muda wote huu.

Mtoto wangu wa kidato cha tatu alipewa beti hizi bila kidaka. Wazazi wake wanakaa katika nyumba ya ghorofa yenye kuta za simiti zilizopigwa rangi nyeupe. Huko Lamu kwenyewe nimeona nyumba ambazo vidaka vimezibwa kwa matofali ili pawekwe kabati la televisheni. Sitamlaumu mtoto. Lakini nitasema kwamba mwalimu angalau angechukua dakika kumi kuwachorea kidaka ubaoni kabla ya kuwauliza hiyo ni taswira ya aina gani.

Kuna jambo jingine ambalo taswira hufanya, na wakubwa wetu walilihitaji kama mtu anavyohitaji ngao. Inabeba ghadhabu ambayo ikitembea bila nguo hukamatwa. Muyaka bin Haji alipokuwa akiisemea Mombasa ya Mazrui dhidi ya Sayyid Said wa Omani, watu wa mjini walijua nani ni nani ndani ya fumbo. Na karibu yetu zaidi, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya karatasi aliyoiandika akiuliza Kenya inakwenda wapi. Karatasi ile ilikuwa ya maneno wazi, na maneno wazi yakampeleka jela. Humo ndani alitunga Sauti ya Dhiki, akiandika kwenye karatasi za chooni, na humo ndani ndipo alipotutungia mnazi.

Ndugu wawili wanagombana juu ya mnazi. Mmoja yuko juu kileleni, anakula. Mwingine yuko chini, anamwambia ashuke, mti ni wetu sote. Ndiyo hadithi yote. Hamna serikali humo, hamna chama, hamna waziri. Lakini mtu wa pwani akisikia mnazi haoni mti wa picha tu. Mnazi ni mahari, ni urithi unaogawanywa ndugu wakagombana kweli, ni makuti ya paa, ni tui la kila siku. Anajua pia kwamba aliye juu, kwa ubabe wake wote, hana pa kwenda ila kushuka au kuanguka. Hilo mshairi aliliachia mnazi wenyewe uliseme. Kitabu kilichapishwa 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi. Nimewaza mara nyingi: je, mashairi yale yangefika huko bila mnazi?

Sasa nisemee linalonichoma. Nasikiliza mashairi ya leo, katika arusi, katika redio, katika simu za watoto, na nyimbo pia, maana wimbo wa taarabu ulikuwa shairi kabla haujawa mdundo. Nasikia moyo unaowaka moto. Nasikia asali, waridi, malaika, almasi. Anayetaja asali hajawahi kurina. Anayetaja waridi hajui linaota mwezi gani wala linanukia saa ngapi, na kule Lamu, ambako wanawake walikuwa na asumini na kilua vya kutosha, hakukuwa na haja ya kuagiza ua kutoka mbali. Picha hizi zimepita mikono mingi mno, kama noti ya zamani ambayo nambari zake zimefutika na bado inazunguka kwa sababu kila mtu ana haraka ya kumpa mwenzake. Msikilizaji anajua ameambiwa kuna mapenzi. Hajayaona.

Wala si ua lenyewe lenye kosa. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimfananisha na ua, na ua lilikuwa limechoka hata siku hizo. Lakini lake linajikunja. Limefunguka, halafu likarudi kujifunga, na katika ule mwendo wa kurudi msomaji anaona uzuri uliojiondokea kimya kimya, bila kunyauka, bila kuoza. Mtu aliyekwisha kukaa na kulitazama ua la jioni likijikunja ndiye anayeweza kusema hivyo. Aliyeliokota ua katika wimbo wa mwenzake hawezi.

Nisieleweke vibaya kwamba nalilia vina. Ugomvi wa vina na mizani umetuchosha, na ulipokuwa moto, miaka ile Kezilahabi alipotoa Kichomi, 1974, wengi walimshambulia kwa mistari isiyo na urari na hawakuona kwamba kijana yule wa Ukerewe alikuwa na macho. Shairi huru lenye jicho ninalipokea mlangoni. Ninachokililia ni jicho. Mashairi mengi ninayoletewa siku hizi na vijana ili niyatazame yana vina vilivyonyooka kabisa, vya ndani na vya nje, mizani kumi na sita bila hitilafu, na ukimaliza kuyasoma hukuona hata kijiko.

Kijana mmoja aliniletea shairi la kumlilia mama yake. Beti kumi na mbili. Mama alikuwa nuru, nguzo, taa, dira. Nikamwomba aniambie mama yake alikuwa akifanya nini alasiri. Akasema alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, amekaa kizingitini ili apate mwanga, na kila akiokota jiwe alilitupa uani pasipo kuangalia, na kuku wakawa wanalikimbilia kila mara, kila mara wakidanganyika. Alipofika kwenye kuku sauti ikamkatika. Nikamwambia hilo ndilo shairi lako. Akasema, "Lakini mwalimu, hilo ni jambo la kawaida." Sijui kama alilitunga. Sikumwona tena.

Jambo la kawaida. Bibi asingeelewa malalamiko hayo. Kwake yeye hakukuwa na ghala jingine la kuchukulia. Aliitunga dunia iliyomfikia mkononi: ukindu, ndoo ya kisimani, mvuke wa mkate wa mofa, mlio wa mnyororo wa nanga. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Lamu aliyezaliwa 1927 na kufariki 2017, ambaye wengi wanamjua kwa kutupa neno runinga, aliiona hatari hii mapema. Alitunga utenzi mzima, Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa 1979, kueleza jinsi chombo kinavyoundwa tangu mbao hadi tanga, kila kipande kwa jina lake. Watu hudhani alifanya hivyo kwa ajili ya kamusi. Mimi naona alikuwa akiwawekea akiba washairi wasiozaliwa. Mtu asiyejua sehemu za jahazi, siku atakapotaka kusema kwamba ndoa yake inavuja, atasema tu kwamba inavuja. Hatajua aseme ni kati ya ubao upi na upi, wala kwamba pamba iliyopigwa kalafati imelegea kwa sababu chombo kilikaa juani mno bila kuelea.

Kila kitu kinachotoka nyumbani kinatoka na shairi lake. Mkeka wa ukindu umetoka, umeingia wa plastiki ambao haufumuki wala haupauki, na kwa hiyo hauna la kusema juu ya uzee. Mtungi umetoka. Taa ya utambi imetoka. Vitu vipya navyo vingeweza kuimbwa, hilo naamini: chaja iliyobaki ukutani baada ya mwenye simu kusafiri inaweza kuuma kama makubadhi. Lakini nani anaitazama? Kutazama kunataka mtu akae na kitu kimoja mpaka kimchoshe, halafu aendelee kukaa. Bibi alikuwa na eda ya miezi minne. Sisi hatumpi maiti siku tatu.

Wiki iliyopita nilimwita binti wa ndugu yangu, nikamsomea ule ubeti wa makubadhi. Sikumweleza kitu. Alikaa kimya, kisha akatazama mlangoni, mahali ambapo baba yake alikuwa amevua viatu vyake, akavitazama kwa muda mrefu. Ilinitosha. Halafu akaniuliza beti nyingine zinasemaje.

Nilimweleza habari za Mwalimu Sikujua. Muyaka alifariki 1840, na tungo zake nyingi zilikuwa vichwani mwa watu na katika vikaratasi vya huku na huku. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, wa Mombasa, aliyefariki 1890, ndiye aliyezikusanya na kuzinakili pamoja na mmisionari Mwingereza, Taylor, na hatimaye diwani ikapigwa chapa 1940, miaka mia moja baada ya mwenyewe kuingia kaburini. Bila mtu mmoja aliyejali kuzikusanya, Muyaka angekuwa jina tu.

Bibi hakumpata Sikujua wake. Aliyekuwapo ni mimi, mtoto wa kuleta maji ya kulowekea ukindu, na nilishika nilichoweza kushika. Nimewauliza jamaa wa Lamu, wa Mombasa, na walioko Muscat. Mmoja anakumbuka kina, mwingine anakumbuka kwamba mlikuwamo kisima. Shairi lilikuwa na beti 9. Ninao huu mmoja.